Chatu Mgongoni, Mama Mkwe Mlangoni

Mwenzenu leo nimeaibika, na aibu yenyewe bado inanuka. Nimeoga mara tatu. Kipande kizima cha sabuni kimekwisha. Naandika haya nimekaa barazani, nywele zinadondosha maji kwenye simu, na hasira nilizonazo zinaweza kuchemsha maharage. Someni kwa adabu.

Kwanza nijitambulishe, maana humu kuna wageni. Mimi ni Mama Zuhura, naishi Bigwa hapa Morogoro, chini ya mlima kabisa, asubuhi ukungu unashuka mpaka kwenye kamba ya nguo. Nina mtoto mmoja, Zuhura, miezi minane. Nina mume mmoja, Shabani, ambaye leo nusura nibaki sina. Na nina chatu mmoja. Anaitwa Tausi.

Ndiyo. Chatu. Huyo huyo mnayemfikiria. Wenye kukimbia kimbieni sasa, wenye moyo tuendelee.

Mume wangu anazalisha nyoka. Ana kibali, kimegongwa muhuri, kimetiwa fremu na kinaning'inia sebuleni pale ambapo watu wengine wanaweka picha ya harusi. (Picha yetu ya harusi ipo nyuma ya mlango. Tulishaongea, yamekwisha. Hayajakwisha.) Uani tuna banda la tofali lenye mlango wa chuma na makufuli mawili. Ndani masanduku yamepangwa, kila sanduku lina namba. Anapandisha, mayai yanatagwa, anayatunza kwa joto la taa mpaka yaanguliwe, vitoto vikishapata nguvu anawauzia watu wenye bustani za kuonyesha wanyama, ambao nao wana vibali vyao. Kwake nyoka ni kama kuku wa mayai. Hana jina la hata mmoja. Utamsikia, "Namba saba kala?" "Namba kumi na mbili kajivua gamba?" Basi. Hata salamu hawapi.

Mimi sizalishi. Mimi nafuga. Ni vitu viwili tofauti kabisa, na leo nimevieleza mpaka sauti imekauka.

Huyu Tausi nimempata hivi. Kuna mwaka mayai yalianguliwa yote, likabaki moja. Shabani akaligeuza mara mbili, akasema, "Hili limeoza, katupe." Nikalichukua, nikalimulika kwa tochi ya simu, nikaona vimishipa vyekundu ndani vimetulia kama barabara kwenye ramani. (Baiolojia kidato cha nne nilipata B. Sijisifu. Najisifu kidogo.) Nikaliweka kwenye boksi la viatu, nikajaza maranda yenye unyevu, nikaliegesha nyuma ya friji kwenye joto. Siku ya tatu ikatoka pua. Kalikuwa kembamba kuliko kidole changu cha mwisho. Kalikataa kula wiki kadhaa. Nikawa nakabembeleza na vichanga vya panya, kimoja kimoja, kwa koleo, naongea nako kama mwehu. Wakati huo sina mtoto, mawifi wananiangalia tumbo tu. Kalipomeza cha kwanza nililia.

Leo Tausi ni mrefu kuliko Shabani (naye hapendi kuambiwa). Uzito wake unakaribia wa Zuhura. Ngozi yake ikipigwa jua asubuhi inang'aa kama kitenge kipya. Hajawahi kumng'ata mtu. Watu wanatoka mpaka Kilakala kuja kumtazama, na ninayemtoa nje na kumweleza ni mimi, si mwenye kibali. Mkiona nimesimama na Tausi mabegani mtajua kwa nini wengine wanavaa dhahabu.

Sasa twendeni kwenye leo.

Asubuhi tunakunywa chai. Shabani ana chapati mdomoni, anaongea kama anayesoma taarifa ya hali ya hewa.

"Leo anakuja Bwana Mustafa wa Mikese. Amefungua sehemu pale barabarani, wasafiri wanashuka wanakunywa chai wanaangalia nyoka. Anataka jike kubwa, pole, baadaye aanze kuzalisha. Nimempa namba kumi na tisa."

"Namba kumi na tisa ndiyo nani?"

"Si yule wako."

"Kama ni wangu, umempaje?"

"Mama Zuhura, hii ni biashara. Jike zuri kama lile likikaa halizai ni hasara. Linakula panya bure."

"Na wewe unakula chapati bure. Nimekuuza?"

Akacheka! Mwanaume akacheka. Akafuta mikono, akavaa viatu, akasema anakwenda kumpokea mgeni njia panda. Alipofika mlangoni akageuka: "Mtoe umtie kwenye boksi la safari, tukija tumkute tayari."

Hakuniuliza. Alinipa kazi! Nimtie mwanangu kwenye boksi mwenyewe kwa mikono yangu!

Mashoga, niliona mekundu, njano na kijani. Nikasimama katikati ya ua nikiwaza pa kumficha. Kwa jirani yangu Mama Jeni? Yule akiona mjusi ukutani analala sebuleni wiki nzima. Chini ya kitanda? Shabani atatazama huko kwanza, ndiko anakoficha vitu vyake yeye. Kwenye pipa la mahindi? Atakosa hewa.

Nikaenda bandani, nikamtoa, nikamtia kwenye foronya. (Msishangae. Nyoka akiwekwa kwenye mfuko wa kitambaa anatulia, anadhani yuko shimoni. Hiyo ni kazi ya kila siku kwetu. Foronya zangu nzuri zote zimeishia huko.) Nikamnyanyua. Mzito leo. Na katikati kile kitumbo kimejaa, kigumu kama kiazi, kwa sababu jana jioni nilimpa panya mweupe, mkubwa, mnono. Mji huu kuna panya wanafundishwa kazi ya kunusa mabomu, wanaheshimika kuliko sisi. Wangu mimi ni kitoweo.

Hapo ndipo ile B ya baiolojia ilipaswa kuamka iseme kitu. Haikuamka.

Nikaingia ndani. Zuhura kalala ndani ya chandarua chake. Nikafunga mlango wa chumba chake. (Msianze. Tausi haingii chumba cha Zuhura hata siku moja. Hiyo sheria niliitunga mimi mwenyewe, na Tausi anaifuata kuliko baba mtu.) Nikageuka, nikaona mbeleko imening'inia kwenye msumari.

Wazo likaja limekamilika kabisa, na mikono na miguu. Mwanaume gani atamfunua mtoto aliyelala mgongoni kwa mama yake? Hata mwizi hafanyi hivyo! Atapita pembeni kwa vidole vya miguu ili asimwamshe.

Nikamviringisha Tausi pamoja na foronya yake ndani ya kile kiblanketi cha manjano cha Zuhura. Nikainama, nikamweka mgongoni, nikafunga mbeleko, nikatupia kanga juu. Nikajitazama kwenye kioo cha kabati. Mtoto kabisa! Kafuniko kichwani, matako yamejaa, mama kachoka. Nilijisifia pale pale kwenye kioo. Nikatoka nje, nikashika ufagio, nikaanza kufagia ua huku naimba cha kumbembeleza mtoto. Ua wenyewe nilikuwa nimeshaufagia.

Haikupita muda, pikipiki mbili zikaingia. Shabani mbele, nyuma yake mzee mwenye balaghashia na kalamu mfukoni, mpole, mnene kiasi.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba mama. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Kalala."

"Basi tusipige kelele," akasema Bwana Mustafa, akaanza kunyata. Kwa vidole vya miguu! Kama nilivyopiga hesabu! Nikageukia ukuta nikacheka kimoyomoyo.

Wakaingia bandani. Nikahesabu moja, mbili, tatu.

"MAMA ZUHURA!"

"Abee! Taratibu, utamwamsha mtoto!"

"Kumi na tisa yuko wapi?"

"Si yuko kwenye sanduku lake?"

"Hayumo!"

"Ee! Labda katoroka."

Bwana Mustafa alitoka bandani kwa kasi ambayo umri wake haukuitangaza. Akapanda juu ya ndoo iliyogeuzwa, kashika kanzu yake magotini, anatazama chini kushoto na kulia. Mtu anafungua bustani ya nyoka huyo! Shabani naye anainua matofali, anachungulia chini ya karo, anafunua mfuniko wa pipa, jasho linamtoka. Mimi nafagia. Nikapita karibu yake nikamwambia, "Pole mume wangu, sogeza hilo gunia, labda kajificha hapo."

Nilikuwa malkia. Dakika kumi nilikuwa malkia wa Bigwa. Bwana Mustafa mwenyewe akiwa juu ya ndoo akasema, "Basi Shabani, kama hayupo hayupo. Nionyeshe wale wadogo." Nimeshinda! Nikampapasa Tausi matako kwa furaha.

Ndipo pikipiki ya tatu ikapiga honi nje.

"Hodi hapa! Mke mwenzangu yuko wapi?"

Mama mkwe. Kutoka Mkuyuni. Hakusema anakuja. Hasemagi.

Sasa mama mkwe wangu ni mwanamke wa mlimani, mfupi, mkavu, ana sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. Namheshimu, namwogopa, nampenda, yote kwa wakati mmoja. Kaja na mkungu wa ndizi, na kikapu, na ule utani wake na mjukuu. Kila mwenye bibi anaujua. Zuhura tangu azaliwe haitwi Zuhura na bibi yake. Anaitwa mke mwenzangu, na kila wakikutana lazima amgombeze kwamba amemnyang'anya babu.

Nikakimbilia mzigo. Na kama nilivyofundwa, huwezi kumpokea mama mkwe umesimama kama mlingoti. Nikapiga goti. Goti la heshima, mgongo umepinda, mkungu wa ndizi kifuani. Nikasikia kile kiazi cha Tausi kinasogea mbavuni kwangu. Kikasogea tena. Juu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, inuka inuka. Na huyu hapa kajificha mgongoni! We mke mwenzangu! Mbona kimya? Umeninunia? Siku ile ulinichekea na meno mawili, leo umenigeuzia mgongo? Kwa sababu ya yule mzee? Mchukue! Kwanza anakoroma."

Anaongea na chatu, jamani. Shabani kasimama pale kashika tofali, anatabasamu. Bwana Mustafa juu ya ndoo anatabasamu. Mama Jeni kachungulia juu ya ukuta, naye anatabasamu. Mimi peke yangu ndiye ninayejua.

"Na amenenepa!" Mama mkwe kampiga kofi dogo la upendo matakoni. "Mashallah! Haya matako kayapata kwangu."

"Ndiyo mama," nikasema. (Mngesema nini nyie?)

"Sasa nimemletea zawadi." Akafungua pindo la kanga, akatoa shanga. Shanga za kiunoni, nyeupe na nyekundu, katunga mwenyewe moja moja na macho yake yale mabovu. "Nilisema namfunga mwenyewe kwa mkono wangu. Mtoto wa kike miezi minane kiuno kitupu! Mvue."

"Mama, kalala. Ngoja aamke."

"Namfunga hivyo hivyo amelala. Nimefunga kumi na wanne, hakuna aliyeamka."

"Mama, chai kwanza."

"Chai haikimbii."

Akapitisha mkono. Chini ya kanga, ndani ya mbeleko, ndani ya blanketi, mpaka juu ya foronya, mkono ule wa kikongwe, mkavu, mwepesi, haujakosea maisha yake yote. Nikakakamaa kama nguzo ya umeme. Nikaanza kusoma dua zote nilizosoma madrasa, hata ile ya kusafiri.

Akapapasa. Akapapasa tena.

"Mwanangu."

"Bee mama."

"Mbona mtoto wa baridi hivi?"

"Hali ya hewa mama. Ukungu."

Akapapasa kushoto. Akapapasa kulia. Uso wake umekunjamana kama anayetafuta funguo gizani.

"Mwanangu," akasema, sauti imeshuka, "nimekishika kiuno. Nimekifuata. Kiuno hakiishi."

Shabani tofali likashuka taratibu.

"Mtoto wako," akasema mama mkwe, "ana kiuno tu. Miguu iko wapi?"

Na hapo, mashoga zangu, hapo ndipo nilihisi kitu cha uvuguvugu. Mgongoni. Kinashuka. Kikaingia kwenye gauni, kikafuata uti wa mgongo, kikaendelea na safari yake. Halafu harufu. Sitaieleza. Nitasema hivi tu: Mama Jeni alitoweka ukutani kama ametunguliwa kwa manati.

"Kacheua!" akapiga kelele mama mkwe. Furaha na hofu pamoja, maana sasa angalau alimtambua mtoto. "Mtoto kacheua! Tumbo limemchafuka, ndiyo maana wa baridi! Mvue upesi!"

Na wakati huo huo, kutoka chumbani, kwa sauti safi, kali, ya mtoto aliyelala vizuri akaamka na njaa, ikatoka: "Ngaaaaa!"

Zuhura.

Mama mkwe akatazama dirisha. Akatazama mgongo wangu. Akatazama dirisha.

Shabani akauliza polepole, "Huyo anayelia ni nani?"

Mimi nikasema, na hili nitalijutia mpaka nazikwa: "Mtoto wa jirani."

"Jirani yupi yuko chumbani kwetu?"

Sikuhitaji kujibu, maana Tausi alijibu mwenyewe. Kile kifundo cha foronya nilikifunga kwa haraka. Kichwa kikapenya, kikapanda bega langu la kulia, kikatua hapa shingoni kama mtu aliyetoka kutapika anatafuta hewa. Ulimi nje, ndani, nje. Kamtazama mama mkwe moja kwa moja.

Bwana Mustafa alianguka kutoka kwenye ndoo. Hakuumia.

Nilitegemea mama mkwe atapiga kelele. Atazimia. Atarudi Mkuyuni kwa miguu. Hapana! Alivuta kigoda, akakaa, akaweka shanga zake mapajani. Akavuta pumzi. Halafu akasema yale ambayo ndiyo aibu yangu ya leo namba moja:

"Kwa hiyo mjukuu wangu, mwenye miguu yake na mikono yake, umemlaza peke yake ndani. Na huyu ndiye umembeba."

Loh! Angenizaba kofi ingekuwa nafuu. Nikafungua mbeleko, nikamlaza Tausi taratibu kivulini, naye panya wake akaporomoka chini katikati ya ua, mweupe, nusu kasagwa, mbele ya wakwe na wageni. Shabani akakimbia kumchukua Zuhura.

Bwana Mustafa akajipangusa, akachukua kijiti, akamgeuza yule panya kama daktari.

"Huyu nyoka kala lini?"

"Jana jioni."

"Jana." Akatikisa kichwa. "Mama, wewe si ndiye Shabani aliniambia njia nzima kwamba unawajua nyoka kuliko yeye?"

"Ndiye mimi."

"Basi unajua nyoka akishakula hashikwi siku kadhaa, wala hasafirishwi. Akitikiswa anatapika, na akitapika anadhoofu. Mimi nyoka aliyekula jana simpakii pikipiki hata kwa dawa. Ungeniambia maneno mawili tu pale nilipoingia, 'kala jana', ningegeuza niende zangu."

Maneno mawili. Kala jana. Hayo tu! Hakuna mbeleko, hakuna kiblanketi, hakuna matako, hakuna mama mkwe kupapasa kiuno kisicho na mwisho. Mimi, wa B ya baiolojia, ninayewafundisha watu wa Kilakala, nimemtikisa nyoka aliyeshiba, tena nimepiga naye goti! Hiyo ndiyo aibu ya leo namba mbili, na kwangu inauma kuliko ya kwanza, kwa sababu aliyeumia ni Tausi. Nilimtazama kalala pale kachoka, nikataka ardhi inimeze.

Shabani akarudi na Zuhura mkononi, na badala ya kunyamaza kama mtu mwenye akili, akasema:

"Basi Bwana Mustafa, tumpe wiki tatu apumzike. Ukirudi utamchukua."

Wenzangu, nilisimama. Mgongo unachuruzika, inzi wameshanipata, lakini nilisimama.

"Shabani. Una nyoka zaidi ya ishirini kwenye yale masanduku. Nitajie jina la mmoja."

"Sasa jina la nini?"

"Mmoja tu!"

"...Namba saba."

"Hao wazalishe, wauze, sikukatazi. Hao ndio wametujengea hata huu ukuta, sina dharau nao, na panya wao nawalisha mimi. Lakini huyu hukumzalisha wewe. Huyu ulisema katupe. Nimemlaza nyuma ya friji, nimemlisha kwa koleo, nimemlea kabla sijajua kulea. Huyu sikumfuga ili azae, na sikumfuga ili anilipe. Namfuga kwa sababu nikimtazama nafurahi. Basi! Mtu haruhusiwi kuwa na kitu kimoja cha kumfurahisha tu?"

Sauti ilikatika mwishoni. Sikulia. (Nililia.)

Mama mkwe akamgeukia mwanawe. "Ulisema atupwe?"

"Mama, lilikuwa yai tu, nilidhani limeoza..."

"Nimekuuliza ulisema atupwe?"

"Nilisema."

"Nyamaza basi." Akainuka kwenye kigoda. Mfupi vile, lakini Shabani alirudi nyuma hatua moja na mtoto wake. "Na kuna jambo lingine. Mimi nimeingia hapa, mbele ya watu, nimemwita huyu mke mwenzangu. Nimemtania. Nimempa mzee wangu kabisa, nimesema mchukue. Nimemshika kiuno, nimekifuata chote. Nimetaniana naye, ameshakuwa wa humu ndani. Sasa wewe, huyu mke mwenzangu unamuuza Mikese?"

"Mama, ni nyoka!"

"Namwona kuwa ni nyoka, sijapofuka. Nimekuuliza unamuuza?"

Shabani akamtazama Bwana Mustafa amwokoe, mwanaume mwenzake.

Bwana Mustafa alikuwa anacheka mpaka kashika magoti. "Mimi simo," akasema. "Nifunguliwe masanduku ya wale wadogo, nichague wawili, niondoke. Nyoka mwenye mama mkwe simtaki kwenye bustani yangu."

Akachagua wawili wenye afya, namba zao na karatasi zao, wakaandikiana, akanywa chai na ndizi moja ya Mkuyuni, akaondoka. Wakati wa kuaga alinipa mkono akasema, "Ila mama, katika wote niliowaona leo, yule ndiye aliyekuzwa vizuri." Hilo nimeliandika jinsi alivyolisema. Lisomeni mara mbili.

Zuhura kafungwa shanga zake. Zimemkaa vizuri sana, ana kiuno chenye mwanzo na mwisho, bibi kahakikisha. Tausi yupo sandukuni, nimemwekea maji, hatapewa chakula kwa wiki mbili mpaka tumbo litulie, na namba kumi na tisa nimeikwangua kwa kisu, nimeandika TAUSI kwa kalamu ya wino mzito. Shabani yupo kwenye karo anafua ile mbeleko, kakunja uso, kaziba pua kwa bega. Sikumtuma mimi. Katumwa na mama yake.

Na yeye mama mkwe kakaa hapa pembeni yangu, simu sikioni, anaongea na Mkuyuni nzima. Namsikia: "Ndiyo, mke mwenza mpya! Mrefu! Miguu hana. Tena mgeni akifika tu, anatapika!"

Kwa hiyo najua mpaka kesho habari itakuwa imepanda mlima mpaka kileleni na kushuka upande wa pili. Chekeni. Sina nguvu ya kuwakataza. Ila asitokee mtu hapo chini kuniuliza namuuza shilingi ngapi.